Springi Hulala, Shokapu Hufa: Historia ya Maneno Mawili ya Gereji katika Mwambao wa Tanga

Katika kazi ya kukusanya istilahi za ufundi wa magari tumezoea kuanza na injini, kwa kuwa ndiyo yenye sifa na ndiyo yenye vipande vingi. Sehemu za chini ya gari husubiri zamu yake. Hata hivyo, ni huko chini, baina ya fremu na ekseli, ambako upungufu wa istilahi humgharimu mwananchi fedha taslimu. Makala haya yanahusu vitu viwili tu vya huko, springi na shokapu: jinsi majina yake yalivyoingia katika Kiswahili cha Tanga na mwambao wa kaskazini, na kwa nini mtu anayetaka kubadili vitu hivyo katika Land Rover kuukuu hana budi kujua tofauti iliyomo ndani ya majina hayo.

Kabla gari halijafika, Mswahili alikwisha kukifahamu chuma kinachopindwa kikarudi. Alikiona ndani ya saa, ndani ya kufuli na ndani ya bunduki, na alikuwa na maneno mawili ya kukitaja. La kwanza ni kamani, lililotufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi; asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. La pili ni mtambo, ambalo leo tumelipa kazi ya kutaja mashine nzima, ingawa zamani lilitaja pia kile kipande kitegwacho kikafyatuka katika bunduki au mtego. Mtu akiitazama springi ya Land Rover ya zamani, mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kukunjwa kidogo kama upinde, ataona kwamba kamani lilikuwa limekaa tayari likiingojea. Halikuitwa. Kamani lilibaki ndani ya saa, na gari likaja na neno lake.

Sababu ya jambo hilo yafaa itafutwe katika miaka. Tanga ilipata mitambo mapema kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapo mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge uliletwa Kikogwe, karibu na Pangani, na Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika. Reli ikafika Moshi mwaka 1911. Kama maneno ya mafundi yangalifuata mashine za kwanza, gereji za Tanga zingalijaa Kijerumani, kwa kuwa Wajerumani ndio waliotuachia shule na hela. Lakini gari la mafuta halikuenea zama zao. Lilienea baada ya Waingereza kuuteka mji wa Tanga mwaka 1916 na kuitawala Tanganyika kwa udhamini, na likaja na breki, gia, klachi, spea na springi. Neno moja kubwa lilipona. Dereva wa Tanga hashiki kitu cha Kiingereza. Hushika usukani, na usukani ni wa jahazi, tena umetoka katika Kiarabu karne nyingi kabla ya barabara. Inaelekea kwamba kitu kilichoonekana na kushikwa na kila mtu kilipata jina la baharini, na kilichofichika chini ya fremu kikaachiwa fundi akiite alivyosikia kwa bwana wake.

Land Rover yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Ilikuwa na springi za mabapa katika magurudumu yote manne, na mpango huo ulidumu katika matoleo yaliyofuata, yale ya mwaka 1958, ya 1961, na ya 1971 yaliyoendelea kutengenezwa hadi 1985. Haya ndiyo magari ya inchi 88 na inchi 109 yaliyotumiwa na serikali, misheni na mashamba ya mkonge kutoka Muheza hadi Korogwe. Baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge mwaka 1967, magari yalibadili wenyewe lakini si mafundi. Miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, fundi aliyeweza kuichukua springi ya lori bovu, akaikata na kuikunja upya, ndiye aliyeliwezesha gari kupanda tena. (Na springi isiyofaa tena kwa gari haikutupwa. Mhunzi aliifua ikawa panga au kisu, kwa kuwa chuma chake ni kizuri.)

Katika kazi hiyo neno springi lilipata maana ambayo halina katika Kiingereza. Fundi wetu hutumia springi kwa fungu zima, lakini pia kwa kila bapa moja katika fungu hilo. Asemapo "springi imekatika" huenda akawa na maana ya bapa moja. Asemapo "tuongeze springi" ana maana ya kuongeza bapa ili gari libebe zaidi. Hii si kasoro ya lugha. Ni utaratibu wa watu waliokuwa wakinunua na kutengeneza bapa kwa bapa. Lakini mteja anapoandika katika karatasi ya kuagizia "springi 4", duka haliwezi kujua kama anataka mafungu manne ya gari zima au mabapa manne ya gurudumu moja. Kwa maoni yetu neno bapa lisimamishwe kwa kipande, na springi libaki kwa fungu. Jani, ambalo watafsiri hulipenda kwa kuwa Kiingereza husema hivyo, halina faida hapa. Hakuna jani libebalo tani.

Shokapu ina historia nyingine. Gereji zina maneno mawili, shokapu na shokomzoba, na la pili linastahili kutazamwa na mwanafunzi wa fonolojia. Kiswahili hakiiruhusu konsonanti b isimame peke yake mwishoni mwa silabi, kama ilivyo katika neno la Kiingereza lililoazimwa. Huiruhusu m, ambayo yaweza kuwa silabi kamili. Basi ulimi wa fundi uliigeuza b kuwa m, ukaongeza irabu palipohitajika, na likapatikana sho-ko-m-zo-ba, neno lenye sura ya Kibantu kiasi kwamba mgeni angalidhani limetoka Bonde. Hakuna kamati iliyoketi kwa ajili yake.

Shida ya jina hili haiko katika umbo bali katika maana, na hapo ndipo mtafsiri anayefuata neno kwa neno hupotea. Jina la Kiingereza humaanisha kitu kinachofyonza mshtuko. Akitafsiri hivyo atapata "kifyonza mshtuko", neno zuri la kusikia, lakini linalosema uongo. Gurudumu likipiga shimo, anayepokea mshtuko ni springi, ndiyo inayojikunja. Robert Hooke alikwisha kuichapisha kanuni ya jambo hilo mwaka 1678: kadiri nguvu inavyozidi ndivyo chuma kinavyozidi kupindika. Lakini springi ikishajikunja hurudi, hupita mahali pake, hurudi tena, na ikiachwa huru gari litacheza kama mashua iliyopitiwa na meli. Kazi ya shokapu ni kuukomesha mchezo huo. Ndani yake mna pistoni inayopita katika mafuta, na mafuta hulazimishwa kupenya vitundu vidogo. Nguvu ya mchezo hugeuka kuwa joto na kupotea hewani. Shokapu ya kawaida ya mafuta karibu haibebi uzito wowote. Waingereza wenyewe katika vitabu vya uhandisi hulikwepa jina hilo na kutumia jingine lenye maana ya kutuliza.

Hasara ya jina la uongo huonekana dukani. Mwenye Land Rover huona gari lake limeinama nyuma, matairi yanagusa madigadi akipakia, na husikia kishindo katika kila shimo. Kishindo ni mshtuko, na mshtuko, kwa mujibu wa jina, hufyonzwa na shokapu. Basi hununua shokapu nne mpya. Gari hubaki limeinama vilevile, na shokapu hizo, zikiwa zinafanya kazi karibu na mwisho wa urefu wake kwa sababu springi zimeshuka, huharibika upesi.

Mafundi hawafanyi kosa hili wasemapo Kiswahili chao. Husema springi zimelala, na shokapu zimekufa. Hawasemi kinyume chake. Springi hulala kwa kuwa ilisimama, ikabeba, ikachoka. Shokapu hufa kwa kuwa ilikuwa na uhai wa mwendo, na mafuta yakivuja uhai umekwisha. Vitenzi viwili vimehifadhi elimu ambayo nomino zimeipoteza. Kwa hiyo anayechagua spea aanze na vitenzi. Gari liwekwe mahali tambarare bila mzigo, ipimwe nafasi kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Nafasi ikiwa imepungua, springi zimelala. Kisha pembe ya gari ikandamizwe na kuachwa: ikipanda na kutulia, shokapu ingali hai, ikiendelea kucheza, imekufa. Mabapa nayo yatazamwe karibu na boliti ya kati, ambako hupasuka, na baina yake, ambako hewa ya chumvi ya mwambao huleta kutu inayoyasukuma yaachane.

Katika kuchagua springi mpya jambo la kwanza ni mzigo ambao gari hubeba kweli, si ule ambao mwenyewe anatamani kubeba. Springi ya mabapa mengi iliyofaa gari la shamba lenye magunia italirusha gari tupu katika njia ya kutoka Muheza kwenda Amani, na gurudumu lililo hewani halishiki breki. Siku hizi zinapatikana pia springi za mabapa machache, manene katikati na membamba kwenye ncha, yasiyogusana isipokuwa katikati na mwishoni. Hupanda na kushuka kwa ulaini zaidi. Lakini katika springi ya zamani msuguano wa bapa na bapa ulikuwa ukifanya sehemu ya kazi ya kutuliza bila kuombwa. Msuguano huo ukiondoka, kazi yote huiangukia shokapu, na mwenye gari anayebadili springi tu na kuziacha shokapu dhaifu atajikuta baharini. Hapa mpaka wa maana kati ya maneno mawili ni mpaka wa fedha pia.

Springi za koili, zilizoingia katika Range Rover mwaka 1970 na katika Land Rover za kazi kuanzia 1983, hazina msuguano huo hata kidogo. Land Cruiser za aina ya 70 za kazi nzito, zilizoanza mwaka 1984, zilibaki na mabapa mbele na nyuma hadi 1999 zilipopewa koili mbele.

Sasa tuje kwenye pendekezo. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka tutazame kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kabla ya kuvuka kwenda lugha nyingine. Mwambao huu una Kimtang'ata, kilichoandikiwa uchunguzi na W. H. Whiteley mwaka 1956, na una msamiati mpana wa mabaharia. Chombo kisichotulia husemwa kwenda mrama. Bahari isiyo na mawimbi imetulia. Gari lililofiwa na shokapu huinama omo likifunga breki na kuinama tezi likiondoka, na baharia yeyote wa Tongoni angelielewa bila kufunzwa. Kwa hiyo kitulizi, kutokana na kutuliza, ni neno linalosema kweli juu ya kazi ya kitu hiki, na laweza kuandikwa vitabuni na katika mitaala ya ufundi. Hatupendekezi shokapu iondolewe gereji. Neno likishakufa na kuzikwa kinywani mwa fundi mara elfu kwa siku, lina haki zake. Yawekwe yote mawili katika kamusi, shokapu kwa kitulizi, bila kulitia alama ya dharau.

Limebaki jambo la upande. Katika Land Rover za springi za mabapa, springi ya upande wa dereva ilitengenezwa ikiwa na upinde mkubwa kidogo kuliko ya upande wa abiria, kwa sababu upande huo hubeba uzito zaidi. Orodha nyingi za Kiswahili huandika "kushoto" na "kulia", na hilo hutosha Tanga, ambako usukani uko kulia. Lakini gari likiwa limetoka Burundi au Kongo, lenye usukani kushoto, maneno hayo yatampa mnunuzi springi mbili sahihi katika nafasi mbili zisizo zake. Iandikwe "upande wa dereva" na "upande wa abiria", kama mafundi wanavyosema.