Ua la Shaba na Watunzaji Wake

Kandokando ya Lubumbashi huota mmea mdogo uitwao na wataalamu Haumaniastrum katangense. Wengi huuita ua la shaba. Hustawi katika udongo wenye shaba nyingi, ambamo mimea mingine hufa.

François Malaisse, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliichunguza mimea ya namna hii miaka mingi. Katika hifadhi ya mimea, kila tawi hukaushwa, hubandikwa karatasini, kisha huandikwa tarehe na mahali lilipochumwa. Bila maandishi hayo ni nyasi kavu tu. Mahali ndipo penye maana: ua hili lilionekana pia pasipo na machimbo, juu ya mabaki ya tanuri ambamo wazee wetu waliyeyusha shaba. Hivyo likawaongoza wanaakiolojia.

Uchunguzi wa mwaka 2010 ulihesabu aina 32 za mimea isiyoota popote ila kwenye udongo wa shaba wa Katanga. Mbegu za baadhi ya mimea ya shaba zinatunzwa katika bustani ya Meise, Ubelgiji (natamani vijana wetu waijue kazi hiyo), mbali na vilima vilivyozizaa, ambavyo vingine vimekwisha kuchimbwa.