Chupa ya Xi na Maji ya Tiva: Kuitazama Upya The Gods Must Be Crazy

Juu ya filamu ya The Gods Must Be Crazy, ambayo Jamie Uys wa Afrika Kusini aliitoa mwaka 1980 na ikachekesha walimwengu, wahakiki wamekwisha kukubaliana, wala sina haja ya kurefusha: inamfanya Msan wa Kalahari kuwa mja wa peponi asiyejua milki wala serikali, ilhali John Marshall, katika filamu yake ya mwaka ule ule juu ya mwanamke aitwaye N!ai, aliwaonyesha watu wa Tsumkwe wakiishi kwa posho ya unga na kuandikishwa katika jeshi la makaburu. Lakini wako wenzetu wanaovuka mpaka huo na kudai kwamba kila Mwafrika aliyeicheka alikuwa amehadaiwa. Na hapo ndipo ninapotengana nao, maadamu yuko mtazamaji ambaye filamu hii ni vigumu kumhadaa, naye ni yule aliyelelewa Kitui au Makueni, katika Ukambani ya Kenya.

Ithibati yangu ni maji. Msimulizi anatuambia kwamba kwa miezi tisa hakuna maji ya kunywa, kisha anatuonyesha watu wakikinga umande wa majani na kukamua kiazi cha porini huku wakitabasamu, kana kwamba kiu ni tafrija. Mtu aliyekulia kando ya Tiva au Thwake, mito ambayo aghalabu ni mchanga mtupu, anajua kwamba shimo la mchangani lina aliyelichimba na anayeamua nani ateke kwanza, kwamba punda wana zamu yao, na kwamba mabwawa ya mchanga, yaliyoanza kujengwa Ukambani katika miaka ya 1950 na ambayo shirika la SASOL liliyaeneza Kitui kwa mamia, yalisimama kwa mawe yaliyobebwa na vikundi vya mwethya, yaani kazi ya pamoja. Basi chupa ya Coca-Cola inapoanguka kutoka ndegeni na kuwagombanisha jamaa za Xi, Msan aliye mhusika mkuu wa filamu, kwa sababu ni moja na wanaoitaka ni wengi, mtazamaji huyu huuliza swali ambalo Uys hakulitarajia: na maji je, yalikuwa ya nani? Lorna Marshall, aliyekaa na Wasan wa Kalahari, aliandika kwamba ardhi na maji vilikuwa na wenyewe, ambao mgeni alipaswa kuwaomba idhini. Cha kugombaniwa hakikuhitaji kushushwa kutoka mbinguni.

Nitaambiwa kwamba mzaha haupimwi kwa mizani ya elimu. Naam, lau filamu ingalianza kwa mzaha. Bali imeanza kwa sauti tulivu ya Paddy O'Byrne, kwa namna ya filamu za maarifa, ikitaka kusadikiwa kwanza ndipo ichekeshe.

Anacheka nini, basi, mtu wa Kitui? Nathubutu kusema ni ile Land Rover isiyo na breki, ambayo fundi M'pudi ameibandika jina la Mpinga Kristo, na ambayo mtaalamu Steyn anaivuta kwa winchi hadi ikaning'inia mtini. Na nchi iliyopokea wataalamu wengi wenye magari ya namna hiyo hailaumiki kwa kucheka. Hapo anayekejeliwa ni mwenye gari, wala si Xi. Sidai kwamba Uys alikusudia hayo, wala kwamba kila kicheko cha mjini Mwingi au Wote kilikuwa na hoja ndani yake; vingine, bila shaka, vilikuwa vicheko tu.