Kaseti, Kadi na Kompyuta Inayosema: Safari ya Nyimbo kati ya Nakivale na Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni makongwe kuliko kaseti. Yalianzishwa mwaka 1958 kusini magharibi mwa Uganda kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na mwaka 1960 yakatambuliwa rasmi. Kaseti ya Philips ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963. Tangu hapo kila wimbi la watu lililoingia Isingiro, wilaya yalipo makazi hayo, wawe Wakongo, Warundi, Wasomali au Waethiopia, limefika na nyimbo zake ndani ya chombo cha wakati wake. Mkimbizi hubeba alichonacho. Akifika, mara nyingi hukuta wenyeji wanasikiliza kwa chombo kingine, na hapo anamhitaji mtu wa kumhamishia nyimbo.

Kazi hiyo ya kuhamisha nyimbo ina historia mbili. Kwa mtu anayeona, kila chombo kipya kilikuwa nafuu kuliko kilichotangulia. Kwa asiyeona mambo yalikwenda upogo: alianza akiwa sawa na wenzake, akaachwa nyuma kwa miaka mingi, kisha akarudi kazini kwa msaada wa programu inayosoma skrini kwa sauti.

Enzi ya kaseti ilikuwa enzi ya vidole. Redio yenye sehemu mbili za kaseti ilitosha kufungua biashara: huku kaseti yenye nyimbo, kule kaseti tupu, unabonyeza vitufe viwili vya kurekodi na kungoja mkanda uishe. Vitufe vilikuwa vikubwa, vikishuka kwa mlio. Upande wa kaseti ulijulikana kwa kuupapasa, na vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake vilisema kama inaweza kurekodiwa juu yake au la. Kikivunjwa kijino, nyimbo zimesalimika, na anayetaka kurekodi tena aliziba tundu kwa karatasi. Hakuna hatua hata moja iliyodai macho. Asiyeona aliandika jina la kaseti kwa nukta nundu, akaibandika, kazi imekwisha.

Vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998 vilisukuma maelfu ya watu kuvuka mpaka, na rumba, sebene na nyimbo za kwaya zikavuka nao. Mbarara, mji mkubwa ulio karibu na Nakivale, ndiko kulikotafutwa betri, kaseti tupu na fundi wa redio. Mitaa yake yenye watu wengi, Nyamityobora ukiwemo, ilikuwa na masikio ya kutosha. Redio za binafsi nazo zilikuwa zimeruhusiwa nchini tangu mwaka 1993, na mtu aliyekaa macho usiku aliweza kunasa wimbo kutoka hewani bila kulipa chochote.

Kisha ikaja kompyuta. Mjini Erlangen, Ujerumani, watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walikuwa wamepata njia ya kupunguza uzito wa faili la sauti kwa kutupa yale ambayo sikio la binadamu haliyashiki vizuri. Jina la MP3 lilichaguliwa Julai 1995. Faida yake inaonekana kwa hesabu fupi. Wimbo wa dakika nne ukitolewa kwenye CD bila kupunguzwa huchukua megabaiti 42 hivi. Ukigeuzwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua chini ya megabaiti 4. Kadi ya simu ya gigabaiti 2 ikaweza kubeba nyimbo zipatazo 500.

Kadi hizo ndizo zilizobadilisha biashara. Yale maduka ambayo Waganda huyaita laibrari, yaliyokuwa yakichoma CD na kuazimisha filamu, yakaanza kujaza kadi na flashi. Gharama ya intaneti iliwapa wateja wa kudumu: kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 kodi hiyo ilipofutwa ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando. Kujaziwa kadi kibandani kulibaki rahisi. Magharibi mwa Afrika hali ilikuwa hiyo hiyo. Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo zilizokuwa zikizunguka kwenye kadi za simu za Sahara, akazitoa kama albamu.

Katika biashara hii mpya asiyeona alikuwa mteja tu. Skrini haina cha kupapasa. Alimwachia mwenye duka achague, ageuze na kupanga, naye akarudi nyumbani na kadi yenye mafaili yanayoitwa Track 01, Track 02, mengine yakiwa ya muundo ambao simu yake haiufungui.

Programu za kusoma skrini zilikuwepo zamani. JAWS, iliyoanzishwa na Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza macho katika ajali ya gari, ilitoka mwaka 1989. Tatizo lilikuwa bei: leseni ya kawaida ilikaribia dola 1,000, fedha ambazo shule nyingi za Uganda hazikuwa nazo, sembuse mkimbizi. Mlango ulifunguliwa mwaka 2006, pale Michael Curran wa Australia alipoanza kuandika NVDA, kisha James Teh akajiunga naye. Wote wawili hawaoni, na walifahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. NVDA ni ya bure. Zaidi ya hapo, inaweza kukaa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka humo bila kusakinishwa, jambo kubwa mahali ambapo kompyuta ni ya kituo na inatumiwa kwa zamu. Sauti inayokuja ndani yake, eSpeak, inasoma Kiswahili pia, ingawa kwa lafudhi ya chuma.

Kwa NVDA, kugeuza nyimbo kukawa tena kazi ya masikio na vidole. Wengi huipenda foobar2000, programu ya Peter Pawłowski iliyotoka mwaka 2002, kwa sababu menyu zake zinasomeka. Mtu anachagua nyimbo kwa mishale ya kibodi, anafungua menyu, anachagua muundo, anabonyeza Enter. Kazi ikianza, NVDA hutoa mlio unaopanda kadiri asilimia zinavyopanda, kama maji yanavyojaa kwenye jerikeni, na msikilizaji anajua ifikapo mwisho bila kuambiwa. Wengine hutumia FFmpeg, ambayo haina madirisha wala picha: unaandika amri, inakujibu kwa maandishi. Zinazomshinda asiyeona ni zile programu za rangi nyingi ambazo waundaji wake hawakuvipa vitufe vyake majina. NVDA ikipita juu yavyo husema "kitufe, kitufe, kitufe", basi.

Kaseti za zamani nazo hazijafa. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni la redio ya kaseti hadi kwenye kompyuta, pamoja na Audacity, programu ya kurekodi sauti, vinatosha kuzitoa kwenye mkanda. Hadi mwaka 2017 hataza za MP3 zilikuwa bado zinalipiwa, hivyo Audacity ilimlazimu mtumiaji kutafuta kando kipande cha kuandika MP3. Tangu 2019 kinakuja ndani yake. Anayehifadhi kwaya ya zamani aweke kwanza nakala ya FLAC, isiyotupa chochote, ndipo atoe MP3 za kugawa. MP3 ndogo ikigeuzwa kuwa kubwa huongezeka uzito tu. Sauti iliyotupwa hairudi.

Sheria imekuja nusu ya njia. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2018, mkataba unaozitaka nchi wanachama ziruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila ruhusa ya mwenye haki. Mkataba huo unagusa maandishi, zikiwemo noti za muziki. Nyimbo zilizorekodiwa hazimo ndani yake, na mwanamuziki bado anastahili chake.

Kilichobaki hakihitaji mkataba. Kila anayesimamia kompyuta za kituo cha Nakivale au mwenye laibrari ya Nyamityobora anaweza leo kuweka NVDA bila kulipa senti, na kuandika majina halisi ya nyimbo na waimbaji badala ya Track 01. Afanye hayo mawili kabla mteja asiyeona hajamwomba.