Sisibo

Kogo, nyanya yangu, hajawahi kuuita mji huu Eldoret. Kwake ni Sisibo. "Nashuka Sisibo," humwambia makanga, na makanga wa huku huelewa mara moja. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, fonetiki imenijaa kichwani, nilimsahihisha mbele ya abiria wote: "Si Sisibo, Kogo. Ni sixty-four." Matatu nzima ikacheka. Yeye akageukia dirisha mpaka tukafika.

Mwaka wa pili karo ilinishinda, nikatoka chuo. Madaftari nilibaki nayo, na ndiyo yaliyonionyesha, nimeshachelewa, kwamba mjinga wa siku ile nilikuwa mimi.

Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda na magari ya kukokotwa na maksai hadi nyanda za Uasin Gishu. Ilikuwa miaka 3 tu tangu Koitalel arap Samoei auawe na upinzani wa Wanandi kuvunjwa. Ardhi ikakatwakatwa, kila kipande na nambari yake. Shamba nambari 64 halikuwa na rutuba ya maana, basi likaachiwa mji. Posta ikafunguliwa hapo 1910. Mwaka 1912 serikali ikaleta jina Eldoret, ambalo husemwa limetokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, yaani Sosiani. Lakini wenyeji walikuwa wameshaishika nambari.

Waliishikaje? Katikati ya "sixty" kuna konsonanti 3 zilizobanana: k, s na t. Kinandi hakibebi mzigo huo, kikabakisha s. Watu huchekea hapo. Lakini ebu msikilize Mwingereza mwenyewe akisema "next week" kwa haraka: t haipo, ameimeza. Vitabu hulipa jambo hilo sura nzima, jinsi sauti zinavyobadilika maneno yakifuatana. Akilifanya Kogo, ati anashrabu.

Halafu f. Kinandi hakina f, jirani yake wa midomoni ni p. Na p ya Kinandi ikikaa kati ya irabu mbili hulainika, ikasikika kama b. Hapo hakuna aliyekosea. Kogo anafuata kanuni za lugha yake, sawa na Mwingereza anavyofuata za kwake.

Kinachonifurahisha zaidi ni ile o ya mwisho. R ya "four" ilienda wapi? Kinandi kina r nzuri tu, kingeiweka kama ingesikika. Ila Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kilianza kuziacha r za mwisho wa neno zamani, na kufikia karne ya 18 watu wa London walikuwa wakizitamka kwa unyonge. Siku hizi hurudi tu neno linalofuata likianza kwa irabu, kama katika "four acres". Vinginevyo inabaki irabu ndefu, ulimi umerudi nyuma, midomo imeviringwa. Kaburu au Mskoti angeitoa hiyo r waziwazi. Kwa hivyo nadhani, na hii ni dhana yangu mwenyewe, sikio la kwanza kulidaka jina hili lilikuwa likimsikiliza Mwingereza wa kusini, pengine karani, pengine afisa. Jina limetunza lafudhi yake zaidi ya miaka 100.

Chuoni tulizipanga irabu za Kiingereza kwa maswali 3: ulimi uko juu au chini, uko mbele au nyuma, midomo imeviringwa au la? Irabu tulivu 12, zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine 8, jumla 20. Mhadhiri akasema shida yetu ni kwamba masikio yetu yamezoea 5 za Kiswahili. Nikaandika. Hakuna aliyeuliza kuhusu Kinandi, manake nusu ya darasa tulikuwa tumeacha kukisema hadharani.

Kumbe Kinandi kina swali la 4: shina la ulimi limesukumwa mbele, au limerudi kooni? Zidisha irabu 5 kwa hali hizo 2, kisha kwa fupi na ndefu, unapata 20 pia. Chet Creider na Jane Tapsubei Creider walichapisha sarufi ya lugha hii mwaka 1989, kabla sijazaliwa. Kuna maneno mawili yanayoandikwa kwa herufi zilezile, moja la kutazama, jingine la kufunga mlango, na tofauti yake iko huko kwenye shina la ulimi. Kogo huyatenganisha bila kufikiri. Mimi niliyekulia Kiswahili na Sheng huyachanganya, na hapo zamu ya kucheka huwa yake.

Wiki iliyopita nilimweleza habari za r. Akasikiliza huku akichambua mboga. Nikamwomba msamaha wa siku ile ya matatu. Akasema haikumbuki.

Baadaye kidogo, bila kuinua macho: "Ulikuwa umevaa shati jeupe."