Mafundi wa Kolwezi na Toyota za usukani wa kulia

Ufundi wa magari hapa Kolwezi ni mtoto wa mgodi. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Karakana zake ndizo zilizowafunza wazee wetu. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na uzalishaji ukaanguka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wapo waliofungua gereji chini ya miembe.

Magari waliyotengeneza yakawa Toyota kuukuu kutoka Japani, yaliyoshushwa Dar es Salaam yakavuka Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, usukani kulia katika nchi yetu ambamo magari hupita kulia.

Mzee aliyenifundisha hakuwa na mashine ya kupimia. Corolla ya kaboreta ikitetemeka, aliiacha injini ingurume, akachomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mwingine. Waya wa silinda nzima ukitoka, injini hulegea. Ule usiobadilisha mlio ndio wenye ugonjwa. Kisha aliigeuza plagi yake juani. Masizi meusi makavu? Petroli imezidi au hewa haipiti. Alianza na chujio la hewa, maana vumbi la malori ya madini hulijaza upesi mno.

Siku hizi naona vijana wakibadilisha vipuri kwa kubahatisha, na mwenye teksi ndiye anayelipa. Jambo hilo linaniuma. Kijana wangu, pima kwanza, ndipo umtume mteja dukani.