Ardhi ya Misheni: Makazi ya Watumwa Waliokombolewa katika Pwani ya Afrika Mashariki, 1868–1907

Mkataba uliotiwa saini tarehe 5 Juni 1873 kati ya Sultani Barghash bin Said wa Unguja na serikali ya Uingereza ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini haukueleza watu watakaotolewa katika majahazi yaliyokamatwa wangeishi wapi, wala wangelima shamba la nani. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa pande za Ziwa Nyasa, waliotekwa wakiwa bado wadogo na kupelekwa mbali kiasi kwamba hata njia ya kurudi kwao hawakuijua. Katika jamii ya pwani ya wakati huo, mtu asiye na ukoo wala bwana alikuwa mtu asiye na wa kumsemea, na yeyote angeweza kumkamata na kumuuza tena. Kwa hiyo umaskini wa waliokombolewa haukuwa umaskini wa tumbo tu. Ulikuwa kwanza umaskini wa kukosa jamaa, na ndiyo maana misheni iliyowapokea ilijikuta ikishika nafasi ya mzazi, ya mwajiri na ya mtawala kwa wakati mmoja.

Wa kwanza kuishika nafasi hiyo kwa mpango maalumu walikuwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwaka 1863 na kufungua kituo chao cha Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Wao hawakusubiri manowari za Kiingereza ziwaletee watu, bali waliwanunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara ili kuwakomboa, wakitumia zaidi fedha za Shirika la Utoto Mtakatifu, chama kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 ambacho watoto wa Kikatoliki walikichangia sarafu ndogo kila mwezi. Watoto hao walilelewa kwa sala, masomo na kazi za mikono, na walipokua waliozwa na kupewa nyumba katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni. Kimbunga cha mwaka 1872 kilibomoa majengo, lakini wakaazi na mapadre waliyajenga upya na kuendelea kupanda minazi, na kutoka hapo baadhi ya familia zilipelekwa bara kuanzisha vituo vipya, kikiwemo cha Mhonda mwaka 1877.

Hapa panahitajika tofauti ambayo barua za wamisionari mara nyingi ziliipita bila kuitaja. Neno "kujitegemea" lilikuwa na maana mbili zisizolingana: kujitegemea kwa misheni, yaani shamba lake kuzalisha vya kutosha ili lisiwe mzigo kwa wafadhili wa Ulaya, na kujitegemea kwa mkaazi, yaani mtu kula jasho lake na kuamua mwenyewe alime nini na amuuzie nani. Maana ya kwanza ingeweza kutimia kikamilifu huku ya pili ikizidi kurudi nyuma, kwa kuwa kila siku ambayo mkaazi aliitumia katika minazi ya misheni ilipungua katika mihogo yake.

Mgongano huo ulionekana wazi zaidi Mombasa. Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Anglikana, kinachojulikana kwa kifupi kama CMS, alifika huko mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo cha Rabai. Lakini kwa takribani miaka 30 waumini walibaki wachache sana. Hali ilibadilika baada ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshawishi Sultani akubali mkataba, kupendekeza kwamba CMS ianzishe mji wa watu waliokombolewa. William Salter Price alifika mwaka 1874, akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mji uliojengwa hapo ukaitwa Freretown. Kuanzia mwaka 1875 watu waliotolewa katika majahazi walianza kushushwa hapo kwa makundi. Walipewa posho, nguo na mahali pa kujenga, kisha jembe, na maisha yao yote, tangu kuamka hadi kwenda kanisani, yakafuata mlio wa kengele. Hata sehemu ya mji huo inaitwa Kengeleni mpaka leo.

Makosa ya kumsifu Price peke yake kwa kazi hiyo yamerudiwa kupita kiasi, kwa maana mji huo usingesimama bila watu ambao wanahistoria huwaita Waafrika wa Bombay. Hawa walikuwa Waafrika waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa India na kulelewa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, ambako walijifunza uhunzi, useremala, kusoma na lugha kadhaa. Waliporudi Afrika Mashariki ndio waliofundisha shule, waliojenga na waliowaeleza wageni mambo ya mji mpya, nao walikuwa ushahidi ulio hai kwamba mtu aliyeuzwa angeweza kuwa fundi na mwalimu. Hata hivyo waliwekwa chini ya Wazungu ambao baadhi yao hawakuwazidi kwa ujuzi wa kazi wala wa nchi, na walisubiri miaka mingi kabla ya kukubaliwa kuwa wachungaji. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia katika msafara ule.

Mamlaka yasiyo na mipaka yalizaa matunda yake. Mwaka 1881 malalamiko kuhusu viboko na vifungo walivyopewa wakaazi wa Freretown yalifika kwa maofisa wa Uingereza, na CMS ikalazimika kumrudisha Price kuja kurekebisha mambo. Ukatili huo haukuwa ajali ya tabia ya mtu mmoja. Watu waliolishwa na kuajiriwa na mkono uleule, katika ardhi ambayo hawakuwa na haki nayo, hawakuwa na mahali pa kupeleka shauri lao mpaka mgeni kutoka nje alipolisikia, na wema wa nia ya waliowasaidia haukuweza kuziba pengo hilo.

Wakati huohuo, katika nyika ya Wagiriama, palikuwa na mji mwingine ambao haukulishwa na mtu. Fuladoyo ulianzishwa karibu na mwaka 1879 na Abe Ngoa, Mgiriama Mkristo, ukawapokea watoro, yaani watumwa waliojikomboa wenyewe kwa kukimbia mashamba ya mabwana wao, tofauti na mateka waliookolewa na manowari. Watoro hawa hawakuwa na posho ya misheni wala ulinzi wa meli ya kivita. Walifyeka msitu, wakalima chakula chao, wakajenga boma na kusali. Mabwana wa pwani waliuogopa mji huo kuliko walivyoiogopa Freretown, kwa sababu ulimwonyesha kila mtumwa kwamba njia ya uhuru ilikuwa miguuni pake. Mwaka 1883 kiongozi wake, David Koi, aliuawa. Ukitafutwa mfano wa Ukristo na kujitegemea vikienda pamoja katika pwani ya karne ya 19, mfano ulio bora ni huu wa Fuladoyo, ingawa gharama yake ilikuwa damu.

Watoro walikuwa wengi pia Rabai, ambako wachungaji wa Kiafrika waliwapokea licha ya misheni kuogopa ugomvi na wenye watumwa. Mwaka 1888 ugomvi huo ulikaribia kuwa vita, na George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akaukata kwa kuwalipa mabwana fidia, fedha zikitoka kwa kampuni, serikali, misheni na wafadhili. Siku ya mwaka mpya wa 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, yaani karatasi zilizothibitisha kwamba hakuna tena anayeweza kuwadai. Karatasi hiyo ilifaa kuliko posho ya miaka mingi, kwa kuwa waliokuwa nayo tayari walikuwa na mashamba waliyoyafungua wenyewe na walichokikosa kilikuwa usalama tu.

Upande wa kusini, Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu waliokuwa na makazi Mbweni, Unguja, walichukua njia nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la waliokombolewa lililotaka kurudi pande za Nyasa, nao walipofika Masasi wakaipenda ardhi na kubaki hapo. Mji huo ulivamiwa na Wangoni mwaka 1882 na baadhi ya wakaazi wakachukuliwa mateka, lakini Masasi haikufa, na baadaye ikawa makao ya dayosisi.

Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, Freretown ilikuwa imebadilika sana. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilihitaji makarani na mafundi, na vijana wa misheni waliojua kusoma na kushika patasi walikuwa tayari. Mshahara uliwapa uhuru ambao jembe katika ardhi ya misheni halikuwapa. Chuo cha theolojia kilichoanzishwa hapo mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na mwaka 1934 James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kinachowashukuru sana waokoaji wa Kiingereza. Shukrani hiyo ilikuwa haki yake kuitoa. Lakini mtaa wa Mombasa unaendelea kubeba jina la Frere, ambaye hakuwahi kuishi hapo, na watafiti wa historia ya Kanisa bado wana deni la kuwaandika kwa ukamilifu huohuo Abe Ngoa, William Jones na watoro waliolima kabla ya kupewa chochote.