Mkunga wa Soweto: Albertina Sisulu na mshahara uliolea familia ya wapigania uhuru

Katikati ya miaka ya 1950, katika vitongoji vya Waafrika vya Johannesburg vilivyokuja kuitwa Soweto, mkunga alikwenda kwa mzazi kwa miguu. Sanduku la kazi alilibeba kichwani, limejaa chupa za dawa, mabakuli na vyombo vya kuzalishia. Mmoja wa wakunga hao wa jiji alikuwa Albertina Sisulu. Dunia inamkumbuka zaidi kwa majukwaa na magereza, na ni haki yake. Lakini kazi iliyomlipa, na iliyowalisha watoto wake kwa miongo kadhaa, ilikuwa ile ya sanduku.

Alizaliwa Oktoba 21, 1918 katika kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, Transkei, akaitwa Nontsikelelo. Jina la Albertina alilipata shule ya misheni. Baba yake, aliyefanya kazi migodini, alifariki binti akiwa na miaka 11 tu, na kabla ya kukata roho alimwachia jukumu la kuwatazama wadogo zake. Wosia huo ndio uliompeleka kwenye uuguzi. Alitamani kuwa mtawa, ila Padri Bernard Huss alimweleza ukweli: mtawa hana mshahara, na nyumbani kuna watu wanaomtegemea. Muuguzi, kwa upande wake, hulipwa hata akiwa mafunzoni.

Mwaka 1940 akaanza mafunzo katika hospitali ya Johannesburg iliyotengwa kwa wasio Wazungu. Huko ndiko alikoujua ubaguzi kwa karibu. Ajali kubwa ilipotokea, majeruhi Waafrika walilazwa sakafuni huku wodi za Wazungu zikiwa na vitanda vitupu. Wauguzi wakaomba vitumike, wakakataliwa. Mama yake alipofariki mwaka 1941, Albertina alinyimwa ruhusa ya kwenda kumzika.

Mwaka huohuo alikutana na Walter Sisulu. Walioana mwaka 1944, Nelson Mandela akiwa msimamizi wa bwana harusi. Walter alipochaguliwa katibu mkuu wa ANC, chama kilichopinga ubaguzi, mwaka 1949, akaacha kazi nyingine zote, na nyumba yao ya Orlando West ikabaki kutegemea kipato cha mke. Watu husema harakati ziliendeshwa na viongozi. Sawa, lakini viongozi hao walikula na watoto wao walisoma, na katika nyumba hii aliyelipa alikuwa muuguzi, ambaye mwaka 1954 aliongeza cheti cha ukunga.

Naye hakuishia kulipa. Agosti 9, 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi makao ya serikali, Pretoria, kupinga pasi ambazo Mwafrika alilazimishwa kutembea nazo. Serikali ilipoleta elimu duni kwa watoto wa Kiafrika, nyumba yake ikageuka darasa.

Tanganyika nayo inaingia hapa. Baada ya uhuru wa Desemba 1961 wauguzi wengi wa Kiingereza walifunga mizigo, na nchi changa ikabaki na wodi zisizo na wahudumu wa kutosha. ANC iliombwa msaada, na Albertina akawa mmoja wa walioshughulika kutafuta wauguzi wa Kiafrika watakaokubali kwenda. Kundi la kwanza lilikuwa la wauguzi wapatao 20. Walitoroshwa kimyakimya hadi Bechuanaland, Botswana ya leo, kisha wakapanda ndege. Waliacha wazazi, wachumba na kazi, wakaja kuhudumia wagonjwa wa nchi wasiyoijua, kwa lugha wasiyoijua.

Mwaka 1963, Walter akiwa mafichoni, polisi walimkamata Albertina, mwanamke wa kwanza kuwekwa ndani chini ya sheria iliyoruhusu kumshikilia mtu siku 90 bila mashtaka. Waliomhoji walijua pa kumbana: walimtisha kupitia watoto wake. Hakusema kitu. Mwanawe Max, kijana wa miaka 17, naye alikamatwa mwaka huohuo. Walter naye akanaswa, na Juni 12, 1964 alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela.

Kuanzia hapo nyumba ilikuwa ya mama peke yake. Alikuwa na watoto watano wa kuzaa, na akawalea wengine watatu wa ndugu kama wake. Kwa sehemu kubwa ya miaka 17 iliyofuata aliishi chini ya amri za marufuku: haruhusiwi kuhudhuria mikutano, haruhusiwi kutoka Johannesburg, na kwa miaka kadhaa haruhusiwi kutoka nyumbani usiku. Asubuhi alikwenda kazini. Baadaye alishona na kufuma ili karo ipatikane. Max alikwenda uhamishoni. Binti yake Lindiwe aliteswa kizuizini kabla ya kuondoka nchini. Mwanawe Zwelakhe, mwandishi wa habari, alifungwa mara kwa mara.

Alipostaafu kazi ya jiji, miaka ya 1980, hakupumzika. Alijiunga na zahanati ya Dk. Abu Asvat huko Soweto, daktari aliyejulikana kwa kutibu maskini hata wasipokuwa na pesa. Wakati huohuo alikuwa mmoja wa marais wa UDF, muungano mkubwa wa wapinzani wa ubaguzi ndani ya nchi. Mama Sisulu alikuwa zamu Januari 27, 1989, siku Dk. Asvat alipopigwa risasi na kufa humo humo zahanati. Oktoba mwaka huo Walter aliachiwa, baada ya miaka 26. Mei 9, 1994, akiwa mbunge, Mama Sisulu alilitaja jina la Mandela bungeni kumpendekeza awe rais.

Alifariki Juni 2, 2011 akiwa na miaka 92. Wakati huo Max alikuwa spika wa bunge na Lindiwe waziri wa ulinzi.

Afrika Kusini imempa barabara kubwa yenye jina lake. Sisi Watanzania tunadaiwa kitu kidogo zaidi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kuhudumiwa na wauguzi hao wa Afrika Kusini miaka ya 1960, au kufanya kazi nao wodi moja, muulize leo, na majibu yake yaandikwe.